Kuchagua Mota ya Umeme ya Boti ya Uvuvi: Mwongozo Kamili kwa Wavuvi wa Ziwani na Pwani

Mtu akiniuliza anunue mota gani, mimi humrudishia swali: betri utaichajia wapi, na nani atakuwa anaibeba? Mota yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Ukishajua uzito wa boti, aina ya maji unayovulia na urefu wa tezi yako (nyuma ya boti), yanabaki machaguo mawili matatu tu. Betri ndiyo inayoamua kama miezi mitatu baadaye mota itakuwa majini au imeegeshwa stoo inakula vumbi.

Mwongozo huu ni wa boti ndogo: za faiba za mita 3.5 hadi 6, mitumbwi ya mbao, na ngalawa zinazovua karibu na nchi kavu. Mota tunayoizungumzia ni ile yenye shafti nyembamba na kichwa chenye propela kinachozama majini, inayofungwa tezi au omo (mbele) na kuendeshwa na betri ya volti 12, 24 au 36.

Hatua ya 1: Amua unataka ikufanyie nini

Mota hii ni ya kuvulia. Unaiwasha ukishafika: kukokota chambo nyuma ya boti ukimtafuta sangara, kufuata ukingo wa mwamba polepole, kuingia kwenye hori lenye mikoko bila kuwatimua samaki, au kuizuia boti isichukuliwe na upepo wakati mshipi uko chini. Haikutengenezwa kukutoa Kirumba, Mwanza, kukupeleka kisiwani Ukerewe.

Piga hesabu uone mwenyewe. Mota ya ratili 55 za msukumo, ambayo ndiyo kubwa ya kawaida kwa volti 12, hula kama ampea 50 ikifunguliwa mwisho. Volti 12 mara ampea 50 ni wati 600. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746. Kwa hiyo hiyo mota, hata kabla ya kutoa kinachopotea kwa joto, haifiki farasi mmoja. Weka hapo mashine ya petroli ya farasi 15 ambayo kila mwalo unaijua, halafu usimsikilize tena muuzaji anayekuambia utaacha kununua petroli.

Wenye shabaha hiyo ya kuachana na petroli kabisa watafute mashine kamili za umeme, kama za Torqeedo ya Ujerumani au ePropulsion ya China, ambazo hupimwa kwa kilowati na bei yake ni habari nyingine. Mtumbwi wa Sese wa mita 8 uliojaa nyavu na watu wanne nao uko kundi hilo. Ukiufunga mota ndogo utasogea, ndiyo, lakini upepo wa mchana ukiinuka hutarudi nao.

Kosa lingine la kawaida ni kudhani ratili nyingi zaidi zinaleta kasi zaidi. Msukumo unasaidia kubeba uzito na kupambana na upepo. Kasi inawekewa kikomo na propela yenyewe, na mota nyingi za aina hii huishia kilomita 5 hadi 8 kwa saa kwenye boti nyepesi. Kwa kukokota chambo hiyo inatosha kabisa.

Hatua ya 2: Maji ya chumvi au maji baridi

Hapa hakuna mjadala mrefu. Ukivua baharini, nunua mota iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Ile ya maji baridi itafanya kazi vizuri wiki za mwanzo, kisha kutu itaanza kwenye skrubu, rangi ya kichwa itafura, na chumvi itapenya kwenye viungio vya waya. Watengenezaji wengi hawatambui waranti ya mota ya maji baridi iliyotumika baharini. Za chumvi mara nyingi huwa nyeupe na za maji baridi nyeusi, ila rangi si ushahidi. Soma kibandiko na kitabu chake. Angalia pia kama ina zinki, kile kipande cha chuma laini nyuma ya propela kinachokubali kuliwa ili kichwa cha mota kisiliwe. Uliza zinki za akiba kabla hujalipa.

Watu wa Victoria wana adui mwingine: magugu maji na vipande vya nyavu vinavyoelea. Ukivua upande wa Ghuba ya Winam, au popote magugu yanapokusanyika, chukua propela ambayo mapanga yake yamepinda kurudi nyuma ili majani yateleze badala ya kujizungushia. Watengenezaji wakubwa huiuza kama kipuri. Inafungwa kwa nati moja na pini, kazi ya dakika chache.

Hatua ya 3: Hesabu msukumo

Kwenye boksi utaona namba yenye "lb": 30, 45, 55, 80, 112. Hizo ni ratili za msukumo. Kanuni inayotumiwa na watengenezaji ni ratili 2 za msukumo kwa kila kilo 45 za boti iliyopakiwa. Neno la kushika ni "iliyopakiwa". Watu hupima boti tupu wakasahau wao wenyewe.

Chukua boti ya faiba ya mita 4.3. Ganda lake kilo 180. Watu wawili, kilo 150. Mashine ya 15, kilo 37 hivi. Petroli lita 25 ni kama kilo 19. Betri ya asidi, 30. Sanduku la barafu, nanga, kamba na vifaa vya uvuvi, 60. Jumla kilo 476. Gawanya kwa 45, zidisha kwa 2, unapata ratili 21.

Je, ununue mota ya 30 basi? La. Hiyo 21 ni ya maji yaliyotulia kama sahani, na maji ya namna hiyo utayapata alfajiri tu. Ziwani, pepo za mchana zinapoanza kuvuma kuelekea nchi kavu, boti ya faiba yenye kuta ndefu inasukumwa kama jani. Baharini wakati wa kusi ni zaidi. Kwenye hori siku za bamvua (maji makubwa), maji yanapotoka kwa nguvu, mkondo kwenye mlango unaweza kuizidi mota hata iliyofunguliwa mwisho. Hapo subiri maji yasimame au panga safari zako za horini siku za maji mafu (maji madogo).

Kwa boti ya mfano huu mimi ningechukua 45 ikiwa ni ya ziwa dogo kama Naivasha, na 55 ikiwa ni Victoria, Tanganyika au pwani. Mota kubwa inayoendeshwa nusu kasi pia hupata joto kidogo kuliko ndogo inayokamuliwa kutwa. Boti ya mita 5.5 yenye watu watatu na mashine ya 40 inahitaji 70 hadi 80, na hapo unaingia volti 24.

Mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja ni hadithi tofauti. Ratili 30 zinatosha na kubaki, na ukiuwekea 55 utakachoongeza ni uzito wa betri.

Hatua ya 4: Volti

Mota za volti 12 huishia karibu ratili 55 na zinatumia betri moja. Za 70 na 80 ni volti 24, betri mbili zilizofungwa kwa mfululizo (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine). Za 100 kwenda juu ni volti 36, betri tatu. Faida ya volti kubwa ni kwamba msukumo uleule unahitaji ampea chache. Mota ya 80 kwa volti 24 hula kama ampea 56 ikifunguliwa mwisho, karibu sawa na ile ya 55 kwa volti 12.

Betri za mfululizo ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile kuukuu inaivuta mpya chini, na baada ya muda unanunua zote mbili tena.

Kama unasitasita kati ya 12 na 24, baki na 12. Boti nyingi za uvuvi mdogo hazina pa kuweka betri mbili bila kuinamisha chombo.

Hatua ya 5: Betri, na hapa usiharakishe

Betri ya gari usiitumie. Sahani zake ni nyembamba. Zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache injini iwake, kisha zijazwe palepale. Ukizinyonya hadi chini kila siku zinakufa upesi. Unachotaka ni betri ya kunyonywa kwa muda mrefu. Wauzaji wa sola wanazo, ingawa si kila kilichoandikwa "solar" ubavuni ni hicho kweli.

Betri ya asidi ya Ah 100 (ampea-saa 100) ina uzito wa kilo 27 hadi 32. Ukitaka idumu, usitumie zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo una Ah 50. Gawanya kwa ampea ambazo mota inakula ujue saa zako. Kwa kasi ya mwisho, ampea 50, hiyo ni saa moja kwenye karatasi, na majini haifiki hata hiyo moja. Ile "100" iliyoandikwa hupimwa betri ikinyonywa taratibu kwa saa 20, yaani ampea 5. Ukiikamua kwa 50 inatoa pungufu. Kwa kasi ndogo ya kukokota chambo, tuseme ampea 12, unapata kama saa nne.

Lithiamu, na hapa nasema aina ya LiFePO4 (lithiamu-chuma-fosfeti) peke yake, ina uzito wa kilo 11 hadi 13 kwa Ah hizohizo, na unaweza kutumia Ah 80 hadi 90 bila kuiumiza. Kwa ampea zilezile 12 unavua saa saba. Inavumilia kuchajiwa mara elfu mbili na zaidi ikitunzwa. Volti yake pia haishuki polepole kama ya asidi: mota ina nguvu ileile tangu asubuhi hadi mwisho, kisha inakatika ghafla. Kwa hiyo funga mita ya kuonyesha asilimia iliyobaki, maana mota haitakuonya kwa kulegea.

Bei ya lithiamu inatisha siku ya kununua. Ila anayevua siku nyingi kwa wiki na kubeba betri begani kutoka mwaloni hadi nyumbani, mimi namshauri lithiamu bila kupepesa. Anayevua Jumapili kwa Jumapili achukue asidi, hatojuta.

Unaponunua lithiamu uliza mambo matatu. Kwanza, saketi yake ya ulinzi inaruhusu ampea ngapi kwa muda mrefu bila kukata? Kwa mota ya 55 usikubali chini ya 60, na 100 ni bora. Pili, inaruhusiwa kufungwa mfululizo? Zipo zisizoruhusu. Tatu, chaja yake iko wapi? Hutaka volti 14.4 hadi 14.6, na chaja ya zamani ya betri ya asidi inaweza isiifae. Soma pia kitabu cha mota: wapo watengenezaji wanaoonya usifungue mota hadi mwisho kwa muda mrefu ukitumia lithiamu, kwa sababu volti yake iko juu muda wote na koili hupata joto.

Sasa soko letu. Betri feki zipo, na njia ya kuzikamata haina ujanja. Ichaji hadi ijae, funga taa ya gari ya wati 60, ambayo hula kama ampea 5, na anza kuhesabu saa. Betri ya lithiamu ya Ah 100 inapaswa kuiwasha kama saa 20. Ikijikata baada ya saa 12, umeuziwa Ah 60. Fanya jaribio hili nyumbani wiki ileile risiti bado ina maana. Wepesi uliopitiliza nao ni dalili: betri ya lithiamu "Ah 100" yenye kilo 6 haina hizo Ah 100 ndani.

Kuchaji kwa sola kunawezekana kabisa, na wavuvi wa dagaa wa Victoria waliozoea taa za betri hawahitaji kufundishwa. Hesabu: paneli ya wati 200, saa 5 za jua kamili, ni wati-saa 1,000. Toa hasara za joto, vumbi na kontrola, bakiza 700. Kwa betri ya lithiamu ya volti 12.8 hiyo ni kama Ah 55 kwa siku. Ukivua usiku ukatumia Ah 50, kesho jioni umejaza. Ukitumia 80, paneli moja haitoshi.

Usiunganishe mota kwenye betri inayowasha mashine ya petroli. Siku mota itakapoimaliza, hata mashine haitawaka. Sona ya kutafuta samaki nayo ipe betri yake ndogo. Mota inaiingizia kelele za umeme na picha inajaa michirizi.

Hatua ya 6: Tezi au omo, na urefu wa shafti

Mota ya tezi ni ya bei nafuu, inafungwa kwa klempu mbili na kuendeshwa kwa mkono. Kwa wengi inatosha. Ya omo inavuta boti badala ya kuisukuma, kwa hiyo kichwa cha boti kinatii vizuri zaidi kwenye upepo, lakini inataka sitaha bapa na imara pale mbele, na ni ghali. Ngalawa na mitumbwi iliyochongoka pande zote mbili haina pa kubana klempu. Fundi seremala akutengenezee mti wa kukingama unaotokeza ubavuni karibu na tezi, uliofungwa kwa bolti zinazopenya. Misumari italegea.

Shafti pima boti ikiwa majini, imepakiwa, na mtu amekaa pale anapokaa siku zote. Kwa mota ya tezi pima kutoka ukingo wa juu wa tezi hadi usoni mwa maji. Ikiwa ni hadi sentimita 25, shafti ya inchi 30 inafaa. Kati ya 25 na 40, inchi 36. Zaidi ya hapo, 42. Kwa mota ya omo pima kutoka sitaha hadi maji, ongeza sentimita 65, ndiyo shafti yako. Omo hupanda na kushuka na mawimbi, na shafti fupi itakuwa inainua propela hewani kila mara. Ukisikia mlio unapanda ghafla kila wimbi likipita, ni hilo.

Hatua ya 7: Uendeshaji

Mota za bei ya chini zina gia, kwa kawaida tano za mbele na tatu za nyuma. Kwenye gia za chini umeme mwingi unageuka joto bure. Zile ambazo kasi yake inapanda taratibu bila gia hukata umeme kwa mapigo ya haraka, na kwa mwendo mdogo hukuongezea saa nyingi za kuvua. Ukiwa na fedha ya kuongeza mahali pamoja tu, iongeze hapa.

Nanga ya GPS, ambayo Minn Kota wanaiita Spot-Lock na Garmin wanaiita Anchor Lock, hushikilia boti mahali pamoja bila nanga. Kwa anayevua kwa mshipi juu ya mwamba wa mita 40 ni nafuu kubwa: huvuti kamba ndefu, wala nanga haikwami kwenye matumbawe. Anayekokota chambo tu asilipie. Nayo inakula umeme muda wote upepo ukivuma, kwa hiyo rudi Hatua ya 5 uhesabu upya.

Hatua ya 8: Waya, breka na siku ya kwanza majini

Waya mwembamba unaiba nguvu. Tuseme betri iko mita 3 kutoka kwenye mota, yaani mita 6 za shaba kwenda na kurudi. Kwa ampea 50, waya wa milimita za mraba 6 unapoteza karibu volti 0.9 na kupata joto. Wa 16 unapoteza kama 0.3. Nunua wa 16, wa shaba tupu yenye nyuzi nyingi, na kama ni baharini tafuta ule uliopakwa bati. Vichwa vya waya vikazwe kwa koleo la kubania, si kuzungushwa kwa mkono na kufungwa selotepu.

Kwenye waya chanya, karibu na betri, weka breka (swichi inayokata umeme ukizidi) ya ampea 60 kwa mota ya 50 au 55. Kwa ndogo zaidi fuata kitabu. Propela ikinaswa na wavu, mota inavuta umeme kupita kiasi, na bila breka kitakachokatika kwanza ni waya au koili. Betri iweke ndani ya sanduku lenye hewa, ifungwe kwa mkanda. Maji ya bahari yakiingia kwenye betri ya asidi hutoa gesi ya klorini, na hiyo si ya kuvuta mkiwa mbali na nchi.

Ukinunua ya mtumba, zungusha propela kwa mkono: izunguke laini, bila kukwaruza wala kuchezacheza. Iwashe sekunde chache hewani, usizidishe, kisha iweke kwenye pipa la maji na upime ampea kwa klempu mita (mita inayobana waya). Mota ya 55 inayokula ampea 70 ina ugonjwa ndani.

Siku ya kwanza usiende mbali. Chukua makasia na upondo, majaketi ya kuokolea, jaza betri, na uende na upepo usoni ili kurudi kuwe rahisi. Andika saa uliyoanza na asilimia ya betri kila nusu saa kwa kasi unayovulia kweli. Karatasi hiyo ni ya kweli kuliko jedwali lolote la kwenye boksi.

Baada ya hapo utunzaji ni mwepesi: isuuze kwa maji baridi kila ukitoka baharini, kagua zinki kila mwezi na ubadilishe ikibaki nusu. Lakini kila baada ya safari chache fungua nati, toa propela, na uangalie nyuma yake. Uzi wa mshipi hujizungusha pale kwenye shafti usiuone, ukakata mpira unaozuia maji, na maji yakishaingia ndani ya kichwa fundi atakuambia ununue mota nyingine. Toa uzi wote kwa kisu kidogo, paka grisi, rudisha pini, kaza nati. Na pini za akiba mbili ziwe mfukoni, si nyumbani.